Kukopesheka: Nini cha Kufuatilia, Wapi, na kwa Gharama Gani

Mtumishi wa wizara pale Mtumba anaambiwa na benki kuwa hakopesheki, ilhali hajawahi kuruka rejesho kwa kuwa hukatwa juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia. Mnunuzi wa mahindi Kibaigwa anakuta kikomo chake cha mkopo wa simu kimeshuka kutoka laki mbili hadi elfu thelathini, na anaamini kuwa benki zote nchini zimeshamwandika vibaya. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma amezitazama sana video za Marekani, sasa anatafuta mahali pa kuiona “alama” yake inayoishia 850. Wote watatu wanauliza swali moja: nitajuaje hali yangu ya mikopo, na itanigharimu kiasi gani? Na wote watatu, kila mmoja kwa namna yake, wanaliuliza mahali pasipo na jibu.

Kuchanganyikiwa huko si ujinga wa wakopaji. Dodoma ni mji wa mishahara uliozungukwa na nchi ya misimu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia huku kwa vitendo, mikopo ya watumishi imeongezeka mjini, wakati wakulima na wachuuzi wa Kongwa, Bahi, Chamwino na Manyoni wameendelea kukopa vikundini, dukani na kwenye simu. Mikopo hiyo haiandikwi sehemu moja, wala haipimwi kwa mizani moja.

Alama inatoka wapi

Msingi wa kisheria uliwekwa na Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, kisha kanuni zake zikatoka mwaka 2012. Kanuni hizo zilizaa vyombo vya aina mbili. Cha kwanza ni kanzidata ya taarifa za wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu, BoT, ambako benki na taasisi za fedha hupeleka taarifa za wateja waliokopa. Cha pili ni kampuni binafsi zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet, ambazo huzichakata taarifa hizo na kuwauzia wakopeshaji ripoti.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wengi huyakosea. BoT haimpi mtu alama. Kazi yake ni kukusanya taarifa na kusimamia mfumo. Alama hupigwa na kampuni, kila moja kwa kanuni yake. Katika mizani ya Creditinfo, kwa mfano, alama huwekwa kati ya 250 na 900, juu kukiwa kuzuri. Ile 850 ya kwenye video ni ya Wamarekani na haina uhusiano wowote na mteja wa Dodoma. Pili, hakuna “orodha nyeusi” ambayo mtu huingizwa na kufutwa. Kilichopo ni historia, na historia hiyo hubeba mazuri na mabaya pamoja: deni ulilolilipa kwa wakati, ulilolichelewesha, ulilolimaliza, na hata maombi ya mkopo uliyoyapeleka benki tatu ndani ya wiki moja.

Sababu ya BoT kusisitiza matumizi ya ripoti hizi inaeleweka. Mwaka 2017 mikopo chechefu, yaani iliyopitisha siku 90 bila kulipwa, ilizidi asilimia 11 ya mikopo yote ya benki. Mwanzoni mwa 2018 benki zikaelekezwa kuitazama ripoti ya mkopaji kabla ya kumkopesha. Kufikia mwisho wa 2023 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 5, ambao ndio ukomo BoT inaoutaka. Haitakuwa haki kuupa mfumo huu sifa yote ya mafanikio hayo, lakini mchango wake upo. Kwa mkopaji, maana yake ni kwamba karatasi ambayo zamani ilikaa kabatini kwa afisa mikopo sasa inasomwa na kila mkopeshaji mkubwa.

Kwa nini taarifa huharibika

Kabla ya kulinganisha njia za kufuatilia ni lazima tujue kosa huzaliwa wapi, kwa sababu njia nafuu ndiyo ile inayolikuta kosa mahali lilipozaliwa.

Chanzo kikubwa kwa watumishi ni deni lililonunuliwa. Benki ya pili inamshawishi mteja ahamie kwake. Inaomba barua ya salio kutoka benki ya kwanza, inalipa, kisha makato ya mshahara yanahamia kwa mkopeshaji mpya. Chukua mfano wa salio la shilingi milioni 6 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Barua imetoka tarehe 5, malipo yamefika tarehe 20. Riba ya siku hizo 15 ni kama shilingi elfu 42, na hazimo kwenye hundi. Benki ya kwanza imebaki na akaunti ya mkopo yenye salio dogo lisilo na makato, mteja anajua amemaliza, na hakuna anayempigia simu kwa elfu 42. Siku 90 zikipita, anasomeka kuwa na mkopo chechefu. Miaka miwili baadaye anaomba mkopo wa kujenga Nala au Iyumbu, ndipo anapoambiwa.

Chanzo cha pili ni utambulisho. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulipewa ukomo wa Januari 2020. Kabla ya hapo, watu walikopa kwa kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, kitambulisho cha kazi au barua ya mtendaji. Hamisi akawa Hamis, jina la babu likawekwa pa jina la baba, na laini ya mama ikatumiwa na mwanawe kukopa. Madeni ya kipindi hicho yanaweza kuwa yamegawanyika kati ya watu wawili ambao kumbe ni mmoja, au kuunganishwa kwa mtu mmoja ambaye kumbe ni wawili.

Cha tatu ni muda. Benki hazipeleki taarifa kila dakika. Aliyelipa deni leo akaomba mkopo mwingine kesho anaweza bado kusomeka anadaiwa, wala hapo hakuna aliyekosea.

Na kuna chanzo kinachoihusu zaidi nyanda hii ya kati. Mvua huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mahindi, uwele na alizeti huingia sokoni kuanzia Mei. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ana nafuu kidogo, maana huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini ratiba ya marejesho mara nyingi ni ya kila mwezi. Rejesho la Februari linamkuta mkulima ameshazika fedha zote shambani. Anachelewa, anavuna, analipa lote kwa mkupuo pamoja na riba. Kwa afisa anayemjua, huyo ni mteja mzuri. Kwa mashine inayohesabu siku za kuchelewa, huyo ni mtu anayechelewa kila mwaka. Taarifa yake ni sahihi kabisa, na bado inamhukumu vibaya.

Njia ya kwanza: kuiomba ripoti yenyewe

Wanaoipendelea njia hii wana hoja nzito. Ripoti ndiyo inayoonwa na benki, kwa hiyo ukitaka kujua benki inaona nini, itazame hiyo. Inaorodhesha mikataba yako ya mkopo mmoja mmoja: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, umebakiza nini, umewahi kuchelewa siku ngapi. Deni lile la elfu 42 litaonekana humo, na mkopo ambao hukuuchukua wewe utaonekana pia. Hakuna njia nyingine inayoweza kukuonyesha deni usilolijua.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza, ofisi za kampuni hizi ziko Dar es Salaam. Nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida kutoka Dodoma ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 ilipoanza mwaka 2024. Kwenda na kurudi ni 62,000 kabla hujanunua chakula. Lakini hakuna sababu ya kusafiri: ombi hufanyika kwa mtandao, ukiwa na nakala ya kitambulisho, na ada huulizwa kabla ya kulipa, pamoja na kama una nafasi ya kuipata bila malipo. Pili, ripoti imeandikwa kwa lugha ya wachambuzi wa mikopo. Mtu asiyeizoea hukimbilia alama iliyo juu ya ukurasa na kuacha jedwali lililo chini, ilhali alama haimwambii cha kufanya na jedwali ndilo lenye dawa. Tatu, ripoti ni picha ya siku moja. Ya Januari haisemi kitu kuhusu Juni.

Hapo ndipo swali la kulipia ufuatiliaji wa kila mwezi linapoingia. Marekani biashara hiyo ni kubwa, na inaeleweka: kule alama huamua riba ya nyumba, gari na kadi, na wizi wa utambulisho ni janga la kila siku. Hata hivyo Wamarekani wenyewe wana haki ya kuona ripoti zao bure kutoka kampuni tatu kubwa, hivyo wengi hawana haja ya kulipa. Kwetu sababu ya kulipa ni ndogo zaidi. Mikopo mingi ya watumishi hutolewa kwa riba ile ile kwa kila mwenye sifa. Alama hufungua au kufunga mlango, ni nadra kupunguza bei. Mtu anayekopa mara moja kwa miaka minne hana faida ya kuutazama mlango huo kila mwezi.

Kuna hofu moja ya kuiondoa hapa. Wapo wanaoogopa kwamba kujitazama hupunguza alama. Hofu hiyo ilikuja na zile video, na hata huko Marekani zilikotoka si kweli: mtu akijiangalia mwenyewe hapunguziwi. Kinachoacha alama ya nyayo ni kuomba mkopo kwa wakopeshaji wengi mfululizo.

Njia ya pili: kikomo cha simu kama kipimo

M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, Watanzania wengi walionja kwa mara ya kwanza mkopo usio na mdhamini wala fomu. Baadaye zikaja Timiza, Nivushe, Songesha, Mshiko Fasta ya NMB na nyingine. Kila moja humwonyesha mteja kiasi anachoweza kukopa, na kuangalia ni bure. Ndiyo maana watu wamekigeuza kikomo hicho kuwa kipimajoto cha sifa zao.

Kinapima kitu cha kweli, ila kidogo. Mkopeshaji wa simu hutazama mno mwenendo wako kwake: unaweka kiasi gani, unatuma na kupokea mara ngapi, ulilipa mkopo uliopita siku ya ngapi. Yule mnunuzi wa Kibaigwa anaweza kuwa ameshushiwa kikomo kwa sababu msimu umekwisha na fedha zimeacha kupita kwenye laini yake, au alihamia mtandao mwingine, au kampuni imebana mikopo kwa wateja wote. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomhusu afisa wa benki aliyeko mtaa wa pili. Na kinyume chake pia ni kweli: unaweza kuwa na kikomo kinono kwenye simu huku una mkopo chechefu benki.

Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha kuwa watu wazima wanaotumia pesa za simu walikuwa karibu asilimia 72, na wanaotumia benki kama asilimia 22. Kwa walio wengi, basi, simu ndiyo mlango pekee rasmi wa mkopo, na kukitazama kikomo ni jambo la maana kwao. Kosa ni kukitazama kama alama ya nchi nzima. Kosa kubwa zaidi ni kukopa pasipo haja ili “kukipandisha”, kwa ada ambayo kwa mkopo wa siku chache huwa kali ukiihesabu kwa mwaka.

Njia ya tatu: kulifuata deni lilikozaliwa

Hii haina mvuto wala programu ya kupakua. Ni kukusanya taarifa za mikopo yako kutoka kwa kila aliyekukopesha, na kuzihakiki wewe mwenyewe. Kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuwa msingi, na ripoti iwe ya kuthibitisha.

Kwa mtumishi, chombo cha kwanza ni hati yake ya mshahara, ambayo siku hizi anaipata bure kupitia mfumo wa Utumishi. Humo anaona makato na salio la kila mkopo. Anaona pia jambo ambalo ndilo husababisha majibu mengi ya “hukopesheki” na halina uhusiano wowote na alama: sharti la kubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi.

Tulichukue kwa hesabu. Mwalimu wa Chamwino ana mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu hukata asilimia 15, yaani 135,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 27,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni kama 92,000. Jumla imefika 299,000. Theluthi isiyoguswa ni 300,000. Kinachobaki kwa makato ya mkopo wowote ni kama 301,000, na akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi ni pungufu ya hapo. Akiomba mkopo wenye rejesho la 350,000, atakataliwa hata kama alama yake ingekuwa ya juu kuliko zote Dodoma. Kununua ripoti hakutamsaidia kitu. Kumaliza deni la Bodi kutampa nafasi ya 135,000 zaidi kila mwezi, na salio la deni hilo analiona bila malipo kwenye akaunti yake ya Bodi.

Chombo cha pili ni barua ya kumaliza deni. Kila mkopo ukiisha, na hasa ukinunuliwa na benki nyingine, mteja adai barua inayosema salio ni sifuri na akaunti ya mkopo imefungwa. Aiombe baada ya malipo kuingia, maana ile barua ya salio iliyotangulia ndiyo inayozaa masalia. Karatasi hii moja ingezuia sehemu kubwa ya malalamiko ya watumishi, na inashangaza jinsi wachache wanavyoidai. Maofisa nao hawana haraka ya kuitoa, kwa kuwa mteja anayeondoka hana tena mvuto.

Nguvu ya njia hii ni kwamba kosa hurekebishwa pale pale. Kampuni ya taarifa haiwezi kubadilisha salio kwa sababu mteja amesema. Lazima irudi kumuuliza aliyeipeleka taarifa. Ukianzia kwa mkopeshaji umekata kona nzima. Asiporekebisha, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinaelekeza malalamiko yaanzie kwake kwa maandishi kisha yapande BoT, ambayo ina ofisi Dodoma, eneo la Tambukareli. Gharama ni nauli ya daladala na kopi mbili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza meno. Inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na kutaka zirekebishwe. Inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, kwamba mtu anaweza kutaka uamuzi unaomuathiri sana usiachiwe mtambo pekee. Kifungu hicho bado hakijazoeleka madirishani, lakini kwa mkulima anayehukumiwa kwa siku za Februari ndicho chenye tumaini kuliko vyote.

Udhaifu wa njia ya tatu ni dhahiri: inaona tu madeni unayoyajua. Mkopo uliochukuliwa kwa jina lako na mtu mwingine hautaonekana. Inadai pia uwe mtunza karatasi, na wengi wetu si watunzaji.

Waliobaki nje ya mizani

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne: benki ndogo zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kadiri unavyoshuka ngazi, ndivyo taarifa za ulipaji zinavyozidi kubaki daftarini. Mama wa soko la Sabasaba aliyerejesha mikopo ya kikundi kwa miaka kumi bila kuchelewa anaweza kufika benki akasomeka kama mtu asiye na historia yoyote. Aliyekopa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kali, naye haonekani, ingawa yeye angependa ibaki hivyo.

Wengine husema basi vikundi vyote viingizwe kwenye kanzidata. Hoja ina mvuto, lakini Kenya inatoa tahadhari. Kule taarifa zilianza kubadilishwa mwaka 2010, na mikopo ya simu ilipofurika, watu wengi mno walijikuta wamechafuliwa kwa madeni ya mia kadhaa. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikazuia kuorodheshwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000 za huko, na ikawaondoa wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa katika upelekaji wa taarifa. Mwishoni mwa 2022 ikabidi uwepo mpango maalumu wa kuwasafisha wadaiwa wa simu. Kuwaingiza wadogo bila kiwango cha chini ni kuwatoa gizani na kuwaweka kwenye doa.

Hata hivyo Kenya imetutangulia kwa jambo moja. Mkopaji ana haki iliyoandikwa ya kupata ripoti moja bure kila mwaka, na Metropol, kampuni ya taarifa za mikopo ya huko, imeweka menyu ya simu, *433#, ambayo mtu wa simu ya kitochi anaitumia kwa ada ndogo. Urahisi huo ndio unaokosekana kwa mtu wa Mpwapwa.

Pamoja na hayo, anayetegemea kikundi anaweza kujijengea kumbukumbu. Daftari la marejesho lililogongwa muhuri, barua ya viongozi, na hasa kupitisha marejesho kwenye akaunti ya benki au laini yake mwenyewe badala ya kupeleka fedha mkononi, ni ushahidi ambao afisa mikopo makini ataukubali hata kama mashine haiujui.

Wauzaji wa usafi

Pengo la uelewa limezaa biashara. Wapo wanaojitangaza kuwa “wanasafisha jina” kwa elfu hamsini, na programu zinazoahidi kukuonyesha alama bure mradi uweke namba ya NIDA na uruhusu zisome orodha ya majina kwenye simu. Hao wa kwanza hawana uwezo huo; aliyepeleka taarifa ndiye pekee anayeweza kuirekebisha. Hao wa pili wanataka hiyo orodha ya majina. Ni mbinu ile ile waliyoitumia wakopeshaji wa mtandaoni waliokuwa wakiwatumia ndugu na mabosi ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa, hadi BoT ikatoa mwongozo mwaka 2024 na, Novemba mwaka huo, kutangaza majukwaa 69 yasiyo na leseni. Ukiona huduma ya bure inaomba zaidi ya unachotaka kukijua, iache.

Nani afuate lipi

Mtumishi aanze na hati ya mshahara na barua za kumaliza madeni, ambazo hazimgharimu kitu. Aombe ripoti pale tu anapopanga mkopo mkubwa, na aiombe kama miezi mitatu kabla, ili kosa likionekana pawepo muda wa kulirekebisha na taarifa mpya kupanda. Ikiwa aliwahi kununuliwa deni, asisubiri mkopo mkubwa. Aulize sasa kama akaunti ya zamani imefungwa.

Mfanyabiashara anayekopa kila msimu ana sababu ya kuitazama ripoti mara moja kwa mwaka, na mwezi mzuri ni baada ya mauzo, akiwa ameshalipa. Aliyepoteza kitambulisho, au aliyemwachia mtu laini yake, naye anastahili kuilipia hata kama hakopi, kwa kuwa tishio lake ni deni asilolijua.

Mkulima mdogo asiye na mkopo wa benki hana haja ya kulipia ripoti yoyote kwa sasa. Shida yake ni ratiba, na ratiba hujadiliwa siku ya kusaini mkataba. Aseme wazi kuwa anaweza kulipa Juni na Agosti, si Februari, na asikubali mkopo wa marejesho ya kila mwezi kwa shamba linalolipa mara moja kwa mwaka. Mkopeshaji akikataa, ni afadhali kujua hapo kuliko kujua baada ya siku 90.

BoT nayo ina kazi ambayo mkopaji hawezi kuifanya. Benki inayomkataa mteja kwa sababu ya ripoti tayari imeilipia ripoti hiyo; kumpa nakala na kumwandikia sababu kwa Kiswahili, kama ni alama, theluthi au salio la zamani, kusingeiongezea benki zaidi ya karatasi moja. Jibu hilo lingempunguzia mwombaji safari, ada na waganga wa majina kuliko huduma yoyote ya kulipia kila mwezi.